Kasoro Kidole

Kwenye karatasi ya kituo cha mazoezi waliandika:
meza ya kiti, riali tisini na tano,
huagizwa nje, subiri miezi minne.
Nikaikunja, nikaitia mkobani
pamoja na risiti ya petroli.

Jirani wa vila ya pembeni, hapa Mabela,
alikuwa anang'oa kabati za jikoni, anatia mpya.
Milango imelazwa nje mchangani,
Agosti, saa nne asubuhi, ukiigusa unaruka.
Hii mnaitupa? Akasema chukua, bibiye, chukua yote.
Nikachukua mmoja.
Ulikuwa na tundu la kitasa.
Nikajisemea, hili nitaliziba.

Futi ilikuwa Marmul na Suud,
imo ndani ya sanduku lake la zana, zamu ya wiki mbili.
Nikapima kwa kiganja, kama mama akipima kitambaa:
toka mkono wa kiti hadi mkono wa kiti,
shibiri mbili, kasoro kidole.
Mbele, pa tumbo, nilitaka duara.
Nikajaribu sahani, ikawa ndogo. Sinia la pilau, lo!
Mfuniko wa sufuria ya wali
ndio uliomkaa Asila sawasawa,
naye akacheka, maana ulikuwa baridi.

Kule sanaiya, Rofikul hakuuliza mengi.
Aliitazama alama yangu ya penseli,
akamtazama mtoto ndani ya gari, kiyoyozi kinanguruma,
akawasha msumeno.
Vumbi la mbao likamkaa kwenye nyusi.
Akapiga msasa, kisha akapitisha ukingoni
upande wa ndani wa mkono wake mwenyewe,
pale penye ngozi laini, penye mishipa.
Akatikisa kichwa. Akapiga msasa tena.
Riali moja na nusu. Nikalipa, sikumwomba apunguze.

Usiku, sakafuni jikoni,
Haitham, miaka tisa, ndiye fundi wa skrubu.
Mbili alizipindisha; nikazisifu.
Tukapigilia ukingo ili vitu visianguke,
tukabandika kipande cha kanga chakavu, sponji,
kioo cha kopo langu la poda, kengele mbili,
chupa ya kokwa za tende,
na swichi isiyo na umeme,
ya kuwasha na kuzima bure.
Saa sita gundi ikatuishia.
Nikampigia picha Suud, nikaenda kulala
bila hata kukoga.

Ijumaa asubuhi tukaifunga kwa velkro.
Asila hakuitazama kengele.
Hakuitazama chupa wala kioo.
Swichi aliigonga mara moja, kwa kiwiko, kwa ajali.
Mama, nyuma yangu: Mpe nafasi. Unampumulia.
Nikarudi nyuma hatua mbili, hatua za mtu aliyekasirika.

Mkono wake wa kulia hauitiki.
Wa kushoto huitika ukipenda,
nao ukapenda: ukafumbuka, ukaburura juu ya mbao,
ukaipita kanga, ukaipita sponji
kama mtu anayepita maduka yaliyofungwa,
na kidole cha shahada kikazama
ndani ya tundu la kitasa.

Akatulia.
Sijawahi kumwona ametulia vile akiwa macho.

Haitham alishalala chali juu ya marumaru,
kichwa kati ya magurudumu,
akapandisha kidole chake kutoka chini.
Vikakutana.
Asila akapiga ukelele, jirani akafungua dirisha.
Haitham akakitoa. Asila akangoja,
mdomo wazi, mate yanachuruzika kwenye kanga.
Kikarudi. Ukelele.
Kikatoka. Kikarudi.
Chai ikapoa. Adhana ya kwanza ikatukuta hapo.

Alasiri Suud akapiga simu, upepo umejaa kwenye laini.
Nimeiona picha, akasema, kazi nzuri, mashaallah,
ila lile tundu, nitakuja na puti nilizibe.

Nikamwambia puti usilete.
Njoo na kidole.