Alianzia Pabaya

Jumatatu ya Januari, Viljandi. Saa tatu kasoro
na mwanga bado unasitasita dirishani
kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue.
Koridoni buti thelathini na tatu zinachuruzika theluji
(moja ya Tormi haijulikani iliko).

Mwalimu Õie anatandika mkeka wa miraba:
kitanda, mswaki, soksi, buti, mlango, shule.
Juu yake anamweka kobe wa plastiki,
kijani, macho yake taa mbili,
mgongoni vitufe: mbele, nyuma, kushoto, kulia,
na kile kikubwa cha katikati, cha kusema nenda.
"Fikirini kwanza," asema, "kisha mbonyeze.
Kobe hasikii vilio. Anasikia mpangilio."

Tormi hana subira. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza,
kobe akaamka, akapiga mlio,
akavaa buti kabla ya soksi,
darasa zima likaangua kicheko
naye akaendelea tu,
kwa kuwa tumboni alikuwa bado na amri mbili.

Mimi ni msaidizi. Kazi yangu ni pua, zipu na betri.
Najua kwamba kobe huyu asipofutwa kumbukumbu
huianza leo kwa hatua za jana.
Sijamwambia mtu kuwa nami ndivyo nilivyo:
nilimzika mama, ndipo nikamsamehe.
Kitafute hapo kitufe cha nyuma.

Kisha Leelo, miaka mitano na jino linalolegea.
Amekuja na mraba wake mwenyewe kutoka nyumbani,
kipande cha boksi, na juu yake mtu mwenye kofia ya chuma:
baba, anayejenga maghorofa ng'ambo ya ghuba, Ufini,
Ijumaa hii anarudi, Ijumaa ile harudi.
"Huu unatangulia kitanda," Õie akauliza, "au unaifuata shule?"
"Unakaa pale," akasema Leelo,
akauweka nje ya mkeka, chini ya dirisha.
Akahesabu kwa vidole, ulimi nje:
mbele, mbele, kulia, mbele, mbele, mbele.
Hakugusa nenda mpaka alipovuta pumzi.

Kobe akaenda. Akaupita mswaki, akazipita soksi,
akageuka, siko huko,
akauvuka ukingo wa mkeka,
akazama chini ya kabati la vitabu,
tukamsikia akiugonga ukuta, tk, tk, tk,
akitii.

Cha mvunguni ni cha mwenye kuinama. Nikainama.
Vumbi. Glavu iliyotafutwa tangu Novemba.
Kipande cha karoti kilichogeuka mbao.
Na kobe, macho yanawaka, hana aibu hata chembe.

Nilidhani nikiinuka nitamkuta Leelo analia.
Alikuwa amepiga magoti,
anavirudia vitufe vyake kimoyomoyo, kimoja kimoja.
"Hakukosea," akaniambia. "Alianzia pabaya.
Alikuwa anautazama mlango."

Akampokea, akampangusa kwa mkono wa sweta,
akamrudisha kitandani,
akamgeuza pua kidogo, kidogo tena,
akampa hatua zile zile, hakubadili hata moja.

Nenda.

Nami nikajikuta nimeshika glavu ya mtoto wa watu
kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikitembea.
Mbele. Mbele. Kulia.
Mbele, akashuka mkekani,
mbele,
mbele, akasimama juu ya kofia ya chuma
na kupiga kimlio chake cha furaha, kile kile
anachokipiga hata kwa karoti.

Tormi akashangilia, soksi mguu mmoja.
Leelo hakushangilia. Alifuta kumbukumbu,
akaniinulia uso:
"Ijumaa ni mibonyezo mingapi?"
"Hii au ile?"
"Ile anayokuja."
Tukahesabu pamoja, vidole vyake vikaisha, tukaazima changu.
Kumi na mmoja.
Akaanza kubonyeza.