Wimbi Juu ya U

Bi Nyakĩo aliingia na tope la Bahati viatuni,
mche ndani ya kopo la rangi,
akautua kando ya kibodi yangu kama anayeweka dhamana.
"Huu ni mũringa. Kitalu changu kinaitwa hivyo.
Nataka mtandaoni liingie jina zima,
na wimbi lake juu ya u."

Nikaandika. Mfumo wa kwanza: herufi batili.
Wa pili ukalimeza wimbi kimyakimya, ukarudisha muringa,
naye akalisoma kwa sauti, akatikisa kichwa.
"Huyo simjui."

Msajili wa tatu, wa ng'ambo, akakubali,
ila kwa mlango wa nyuma.
Nikamwonyesha jina litakavyosafiri huko chini:
xn--mringa-wlb
"Na u yangu iko wapi?"
Imekunjwa, mama. Ile wlb ya mkiani ndiyo inayokumbuka
ni u gani, na ikae wapi.
Kivinjari kikilipokea kitaikunjua.
"Kila kivinjari?"

Hapo nikakohoa.
Simu ya mjukuu wake ilionyesha mũringa, safi.
Yake mwenyewe, ya vibonye, ikatoa kijisanduku: m▯ringa.
Barua pepe iligoma kabisa,
ikasema anwani hiyo haiwezi kuwa ya mtu.

Sikumwambia kwamba mimi ni Ong'ondo,
niliyetoka Kisumu na ritifaa yangu mfukoni;
benki ikainyofoa,
bima ikaigeuza alama ya kuuliza,
chuo kikanipa cheti cha Ong Ondo, watu wawili.
Nakuru hii naitika Ongondo.
Kidoa tu hicho, wananiambia, kwani utakufa?
Lakini ng'oa bila kidoa ni ngoa:
ulitumwa ung'oe magugu,
umerudi na wivu.

Alihesabu noti, akailamba ya mwisho kidole.
"Nipe yote mawili.
Lenye wimbi ni la kwangu na la wanaonijua.
Lile jingine, waingilie wenye haraka."
Ada ni mara mbili, nikasema, kila mwaka.
Akaguna. Akalipa.

Mashine ya risiti, ya mwaka nisioujua,
ikakoroma, ikatema:
Malipo yamepokelewa. Kitalu cha M▯ringa.
Akasimama, kidole juu ya kile kijisanduku,
haongei, haondoki.
Foleni nyuma yake ilikuwa ya vijana wa fomu za chuo.

Nikatafuta kalamu.
Nikachora u ndani ya sanduku, kisha wimbi, likatoka limepinda.
Na pale chini, penye Umehudumiwa na,
kati ya g na o,
nikadondosha changu.

Mche aliusahau. Au aliuacha.
Uko dirishani mpaka leo, majani manne,
na kwenye kopo nimeandika jina lake kwa mkono.