Pete Jichoni

Ilianza kwa mwandiko.
Antioko, mwandishi wa stakabadhi za baba,
mwenye herufi nene za kupendeza,
akaanza kuandika kama kuku achakuraye jivu.
Baba akasema: uvivu.
Mama akasema: kuna msichana.
Mimi nikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne,
kicheko hakikunigharimu kitu.

Kisha mikono. Akiinyoosha mbele
inapigapiga, mbawa za ndege asiyejua kutua.
Kahawa inamwagika kabla ya kufika mdomoni,
na mdomo wenyewe hauzibiki, unatabasamu
hata siku tuliyomzika bibi.
Watu wa Isili wakasema mvinyo.
Wakasema kijicho. Shangazi Bonaria
akadondosha mafuta kwenye sahani ya maji,
akatazama, akalia, hakutwambia aliona nini.

Sassari walisema apumzike.
Nuoro walimpa vidonge vya wenye wazimu,
akagandamana kama kinyago.
Miaka miwili tunabeba bahasha ile ile,
picha za kichwa chake, pembe zimekunjika.

Kule Cagliari, daktari Usai,
mwanamke mfupi, viatu vimelowa mvua,
hakuigusa mikono.
Alizima taa. Akasogeza mwanga mwembamba
mpaka kwenye jicho la kaka,
akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniita mimi:
Njoo uone.

Pete. Kuzunguka ukingo wa jicho,
hudhurungi iliyochanganyika na kijani,
rangi ya sufuria iliyosahauliwa ghalani.
Shaba, alisema.

Baba ni mfua shaba. Na babaye. Na babu wa babaye.
Alikaa chini, akavitazama viganja vyake:
Basi ni mimi niliyemlisha sumu.

Si masufuria yako, mzee.
Shaba imo katika kila mkate.
Ini la mwingine huifungulia mlango itoke,
la huyu halina ufunguo.
Ubovu mmoja ameurithi kwako,
wa pili kwa mkeo.
Mama, aliyemlaumu baba njia nzima,
akaufunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga.
Kikulacho hakikuwa nguoni.

Tulikusanya mkojo wa saa ishirini na nne
katika chupa niliyoipakata ndani ya basi
kama keki ya harusi.
Dawa ikaanza, na kaka akazidi:
mwezi wa kwanza hakuweza kumeza mate.
Baba alishika vidonge, anataka kuvitupa kisimani.
Kwenye simu daktari akasema, punguzeni dozi, msiache,
shaba inahama kwa vurugu.
Tukapunguza. Hatukuacha.
Uyoga marufuku, maini marufuku,
chokoleti marufuku, na lozi za Krismasi
tukazila sisi, chumba kingine, kwa aibu.

Mwezi wa kumi na moja akaandika jina lake.
Si kama zamani. Mkia wa herufi ya mwisho
unatetemeka bado. Posta wanaukubali.

Nami walinipima, kwa kuwa ni ndugu.
Sikuwa natetemeka. Jicho halikuwa na pete.
Damu ikasema ndiyo.

Nameza zinki mara tatu kwa siku
kwa mkono uliotulia kabisa,
na asubuhi, kabla ya shule,
nalielekeza jicho dirishani, nashika kioo.
Kule karakanani nyundo inakatika.
Kuna kitu? anauliza baba.
Hakuna, namwambia.
Nasikia anavuta pumzi.
Halafu nyundo.