Mlango wa Nyuma

Umeniuliza tule wapi, Mukhwana.
Umemuuliza mtu anayezijua hoteli za Nairobi kwa visogo.
Mimi fundi wa friji, huingilia jikoni
na mkoba wa bisibisi na mtungi wa gesi.
Menyu siisomi. Nanusa raba ya mlango,
nachungulia kilicholala nyuma ya barafu.

Kuna pale katikati ya mji, viti vyekundu, kioo hadi dari,
sitapataja, wananilipa kwa wakati.
Kuku wao nilimkuta mgumu kama tofali,
tarehe yake imefutika.
Msalimie mlinzi, upite.

Nenda Isili, uchochoro ulio nyuma ya maduka ya vitambaa,
umuulizie Abdirizak. Kibao hana.
Wali utakuja na ndizi mbivu ubavuni, haijamenywa,
nawe ukiitazama kama iliyopotea njia
ataketi, akumenyee, akuonyeshe:
wali, mbuzi, ndizi, tonge moja.
Friji yake ina maziwa ya ngamia
na dawa ya macho ya mamake, basi.

Ngara, ghorofani, juu ya duka la saa,
Bi Hansa na bajia zake za viazi.
Ukwaju wake hukukunja uso
kisha hukuomba msamaha.
Aliwahi kunilipa nusu pesa, nusu bajia.
Nikasema deni limekwisha
hata hajamaliza kukunja gazeti.

Kaloleni kuna Adongo. Samaki wake
kichwa kiko nje ya sahani, mkia nje ya sahani.
Usiombe uma.
Atakuletea, lakini atakupa jicho,
na tayari lipo moja mezani linakutazama.

Mahamri ya Majengo nayasikia sifa tu.
Kila nikifika ungo u mtupu,
iliki imebaki hewani, na watu wanajipangusa midomo
kama mashahidi waliohongwa.

Lakini hukuuliza wapi pazuri.
Umeuliza tule wapi, wewe na mimi, leo.

Kwenye viwanda, ukutani mwa kiwanda cha misumari,
mabati matatu na benchi: Mumbua.
Alinipigia simu mara moja tu.
Mwanawe aliye Doha alikuwa amemtumia friji,
ndefu, ya fedha, milango miwili.
Nikaifungua, nikaipima, nikaizunguka.
Nzima. Safi. Tupu kabisa,
inanguruma peke yake gizani.

"Sasa mama, shida ni nini?"
"Kelele," akasema. "Na sina cha kuweka.
Muthokoi napika sufuria moja.
Saa saba unusu imekwisha. Ikibaki kidogo,
kuna kijana wa kinyozi, hushiba kwa shida."
Akageuza mwiko. "Nizimie, lakini taratibu.
Asije akajua."

Miaka ishirini nimeponya mafriji;
hilo ndilo pekee nililoua kwa kuombwa,
na sikutoza hata shilingi.
Nilipewa bakuli, maharagwe yamepasuka vizuri,
mahindi laini yasiyo na ganda,
nikala nimesimama, mkoba begani.

Siku hizi humo ndani anaweka sahani
na daftari la wadeni.
Madeni ndiyo pekee yanayolala kwa Mumbua
hadi kesho.

Haya, inuka, saa sita imepita.
Na ubebe mia mbili za ziada, ndugu yangu:
ukurasa wa nne, juu kabisa,
jina lililopigiwa mstari mara mbili
ni langu.