Nyuma ya Ile Barua

Kocha, koo lakauka, sauti sina ya leo,
Jana nilivyoropoka, kwa furaha na kilio,
Basi kalamu nashika, iwe yangu kimbilio:
Nne bila matokeo, macho yaliona kweli.

Walikuja hao Witu, na ngoma na tarumbeta,
Jezi mpya na viatu, vinameta vinameta,
Wakatazama vya kwetu, kicheko kikawapata;
Dakika sita zapita, wamekula la awali!

Kazi yako ni kusoma mita za maji; mitaa
Wapita ukiinama, mkononi una taa,
Vijana ukawapima, nani ana la kufaa,
Hivyo timu ikajaa, si kwa pesa, kwa akili.

Famau, mswaga punda, anayebebea mawe,
Kichochoroni akenda mbio kumshinda mwewe,
Ukamwona, ukaganda, mita usisome wewe,
Ukasema, "Huyu awe winga wangu, sina swali."

Kipa ni muoka mofa, vidole vimeungua,
Tulimpa mbovu sifa, "Huyu mpira hajua,"
Jana mashuti ya kufa yote aliyachukua,
Kama mofa akitoa, tanuri ikiwa kali.

Nawe huna makelele, umekaa na kikoi,
Kidole chaenda kule, beki hapo hazubai,
Chini wachora mshale kwa kijiti cha papai;
Mshale haupotei, ukatuzalia mbili.

La nne ndilo la raha: kona, kichwa, kisigino!
Bwana Lali, na madaha, karusha seti ya meno,
Punda wetu wakahaha, hapakuwa tena neno,
Wakahofia la tano Witu, wakapoa mwili.

Mkunguni, ni usiku, kila mtu mchambuzi,
Hata wauzao kuku wasimulia ujuzi,
Waliokutusi siku nyingi, leo wapongezi;
Nami nina yangu kazi, ya kukwambia ukweli.

Kocha, ninayo ya siri, yanichoma tangu jana.
Msimu uliojiri, tulipigwa sana sana,
Ndimi niliyehariri barua ya kukukana,
Sahihi zikapatana, arubaini na mbili.

Nikaandika: "Mzito, kichwa chake kimelala,
Timu haitaki ndoto, yataka kocha wa hila,
Mita ndiyo yake kito, na akaisome, ala!"
Nikatia na muhula wa siku saba kamili.

Siku hiyo, hodi yako nikaisikia ndani,
Mita yaenda kituko, maji yavuja jikoni,
Ukakunja shati lako, ukapiga goti chini;
Barua i mfukoni, nikakosa na kauli.

Ukikaza ile nati, waniuliza kwa pole,
"Yule beki wetu kati, waona abaki pale?"
Nikakujibu kwa dhati, "Kushoto, akae kule."
Jana namwona ni yule, kushoto, kama jabali!

Tukaja tukakubeba, ukasema, "Nishusheni!
Kwa moja hatujashiba, ligi ndefu, tulieni."
Na mipira yako saba waitia guniani,
Kesho uko mitaani na mita zako na bili.

Na hii ni karatasi ile ile ya barua,
Sikuichana upesi, nyuma yake natumia,
Uisome bila wasi, usije ukapindua.
Na kama utafunua, jina langu ni la pili.

La kwanza? Ni Bwana Lali, yule wa seti ya meno.