Shingo ya Shakwe

Alitangulia Chambuso, karani kijana,
viatu vinameta kana kwamba vumbi la Ngamiani linamwogopa.
Barabara ya kumi na nne, hatua tatu kutoka kwa muuza mkaa,
akakiweka kitambaa juu ya cherehani yangu kama mahari.
"Fundi Mwanasha, wageni wanakuja Raskazone,
mkutano wa nchi za visiwa.
Bosi wangu anataka bendera ya hawa," akanipa picha,
"ikae mezani ubavuni mwa yake.
Buluu tupu, mawimbi mawili, shakwe mmoja mweupe.
Ila shakwe, fundi, atazame kulia.
Kulia ndiko tutakakokaa sisi."

Nikapima. Nikakata. Sikuuliza.
Aulizaye hulipwa kesho.

Wino wa risiti haujakauka, akaja Rukonge,
karani wa wale wengine, faili kwapani, jasho shingoni:
nchi ileile, buluu ileile, shakwe yuleyule,
"lakini atazame kushoto, na iwe kubwa kidogo,
vidole vinne tu kuliko ya wale."
Nani kakwambia kuna ya wale?
Akacheka. Tanga hii, fundi, hata sindano ina sikio.

Jumanne Chambuso akarudi: ongeza vidole sita.
Jumatano Rukonge: tia na tamvua za dhahabu.
Alhamisi wakakutana kizingitini kwangu, wakabishana,
kila mmoja na soda niliyomnunulia mimi:
bandari wataijenga hawa,
bandari ileile wataijenga wale,
na hospitali, na waya wa intaneti chini ya bahari,
na uwanja wa mpira wa watu elfu ishirini
katika nchi ya watu elfu kumi na moja.

Usinitajie fahali na nyasi. Mimi ni fundi:
najua nguo ikivutwa na wawili
haichaniki katikati.
Huchanika penye mshono.

Babu wa mama yangu alikuwa tarishi bomani.
Aliteremsha ya Mjerumani, akapandisha ya Mwingereza,
kamba moja, ya mkonge wa hapahapa,
na viganja vyake, alisema, havikujua tofauti:
ilivichubua vilevile.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, akaingia mwanamke.
Pindo la sketi limefumuka, ndiyo shida iliyomleta.
Kitambulisho kifuani: Teretia, na jina la nchi ileile.
Kiswahili hana, lugha yake sina.
Nikampa khanga ajifunge, nikakaa kushona.
Macho yake yakapanda ukutani,
bendera saba za kwao zinaning'inia,
tatu kulia, nne kushoto,
ndege saba wamegeuziana visogo.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonikera.
Alitazama kama mtu aliyezoea
kukuta jina lake limekosewa kwenye daftari la rambirambi.
Kisha akaokota chaki yangu,
akainamia kipande cha buluu kilichobaki,
akachora shakwe, polepole, shingo imekunjwa chini,
na chini ya kifua, duara dogo.

Yai.

Hatazami kulia. Hatazami kushoto.
Ana kazi.

Alinilipa sarafu mbili za kwao, ndogo kama vishikizo.
Nikazipokea.

Usiku umeme ulikatika. Nikawasha tochi ya simu,
nikashika wembe, nikafumua shingo moja baada ya nyingine,
nikazishona upya, mpaka kucha zikaota nyuzi nyeupe.
Asubuhi Chambuso na Rukonge walifika kwa pikipiki moja
(walisoma darasa moja Chumbageni, hawa),
wakazibeba bila kuzikunjua.

Mezani ilikuwaje, sijui. Sikualikwa.
Vidole vinne na vidole sita bado nawadai.
Wageni waja leo, waondoka leo;
hawa waliondoka Jumapili, kabla ya mvua.
Kile kipande chenye chaki
nimekibandika juu ya cherehani,
na kila nikipangusa vumbi pale
napangusa pembeni, pembeni tu,
yai lisifutike.