Nguzo Isiyo Duara

Omoding aliniletea baiskeli Jumatatu, hapa Busia,
nguzo ya kiti imepasuka.
Nikaipima kwa kidole: si duara.
Nyuma bapa, mbele imechongoka
kama mbegu ya tikiti.

Nakiri, aliyeibuni ana akili.
Kiti hakigeuki, hata ubebe mama na gunia lake la muhogo.
Hizi zetu, ukiingia shimo moja tu,
wewe waenda Tororo,
pua ya kiti yatazama Kenya.

Lakini ya duara ina ndugu kila mahali.
Ikivunjika, nakata bomba la maji.
Ikilegea, naivika bati la kopo la soda,
nyundo mbili, lete mia tano, nenda.
Hii je? Nimeuliza Mbale. Nimepiga simu Kampala.
Wamecheka.

Basi nikachukua mpini wa jembe, mvule mkavu,
nikauchonga siku mbili kwa panga na kipande cha chupa,
ukaingia kimya, kama mkono mfukoni.
Nilijisifu, sikatai.

Kisha mvua za Aprili.
Mti ukavimba. Haupandi, haushuki,
spana yangu imekula meno ya bolti bure.

Omoding haoni neno, urefu ni wake.
Ila jioni bintiye Amuge akitumwa mafuta ya taa
hupenyeza mguu chini ya bomba la katikati,
anaendesha kaupinda mgongo, upande upande,
na kiti kiko juu ya bega lake,
imara,
kimetazama mbele.